Kumfuata mnana wa mrihini

Ukitaka kumwona mnana wa Clarke, anza chini ya mrihi. Msitu wa Arabuko-Sokoke, kati ya Kilifi na Malindi, una sura tatu: kwenye udongo mwekundu kuna mfunda, mfupi uliosongamana, mashariki kuna msitu mchanganyiko wenye mibambakofi, na katikati, juu ya mchanga mweupe, mrihi umenyooka kama utepe kutoka kusini hadi kaskazini. Hapo kwenye mrihi ndipo kiongozi wetu, kijana wa Kigiriama aliyekulia Gede, alipotusimamisha asubuhi.

“Tazama juu, dada. Huyu haji chini.”

Wakapita kwa haraka, wamechanganyika na ndege wengine, wakichokoa wadudu kwenye matawi. Dume ana kichwa na mgongo mweusi, tumbo la manjano. Jike mgongo wake ni wa kijani, chini manjano. Nilipata kuwaona kidogo tu kabla majani hayajawameza, na moyo wangu ulienda mbio, kwa sababu ndege huyu hapatikani popote duniani ila Kaunti ya Kilifi.

Stephenson Clarke alimweleza kisayansi mwaka 1913, akampa jina la pili golandi kwa heshima ya ndugu yake Goland. Baada ya hapo miaka mia moja ikapita bila mtaalamu yeyote kujua anataga wapi. Huko Arabuko-Sokoke wanaonekana miezi fulani, kisha wanatoweka. Ungemtarajia ndege wa juu ya miti ajenge juu ya miti. Jibu lilipatikana Machi 2013, ng'ambo ya Mto Sabaki, na waliolipata ni wenyeji wa Dakatcha wanaolinda msitu wao, wakishirikiana na shirika la uhifadhi la Nature Kenya.

Huko ndiko tulikoelekea. Tukapita Malindi, tukavuka daraja la Sabaki, tukashika njia ya Marafa. Watalii wengi huishia Marafa, kwenye korongo la Nyari lenye kuta za rangi rangi. Sisi tukasonga mbele, na mrihi ukaanza kurudi, safari hii si ndani ya hifadhi ya serikali bali kati ya mashamba ya watu. Magunia ya makaa yalikuwa yamepangwa kando ya njia, yamefungwa kwa majani mdomoni. Shamba la mananasi lilianza pale miti ilipokatika, mistari imenyooka, na visiki vya mrihi bado vimesimama katikati yake.

Mzee aliyetupokea alitupitisha kwenye kichaka hadi tukafika uwanda ulio wazi. Nilitazamia dimbwi, nikakuta bwawa lililojaa ndago ndefu, maji hayaonekani mpaka usogee karibu. Kiangazi mtu huvuka hapo kwa miguu mikavu. Mvua ikijaa vizuri, ndago huota juu ya maji, na hapo minana hushuka kutoka mrihini wakajenga kwa pamoja, viota vimeshikizwa kwenye mabua yenyewe.

Tulikaa mbali, ukingoni. Hata kwa darubini ya kuazima niliweza kuwaona madume wakiingia na kutoka, manjano yao yakiwaka juu ya kijani.

“Kwa nini hapa, mzee? Miti yote ile wanaiacha?”

“Nyoka atafikaje? Kuna maji. Na chakula si kile pale?” Akaonyesha mrihi, uliosimama nyuma ya bwawa.

Nimelifikiria sana jibu lile. Ndege huyu anahitaji vitu viwili kwa wakati mmoja: bwawa lenye ndago na maji ya kutosha, na mrihi uliokomaa karibu nalo ili wazazi wapate wadudu. Mabwawa ya namna hii si mengi, na mvua ikikosa, halijai hata moja. Kuulinda Arabuko-Sokoke peke yake ni kulinda nusu ya maisha yake. Nasema hivi nikijua kwamba familia ya mchoma makaa nayo lazima ile leo. Lakini miaka zaidi ya kumi iliyopita, palipokuwa na mpango wa kufyeka eneo kubwa la Dakatcha ili kupanda mibono ya mafuta, wako wenyeji waliosimama wakaukataa, na mpango ukasimama. Nature Kenya nayo imekuwa ikinunua vipande vya ardhi huko ili mrihi ubaki.

Bwawa la pili, mzee alituambia, liko mbele, na mwaka huu upande wake mmoja umelimwa mahindi. Tulipofika, maji yalikuwa ya vifundoni na ndago zilikuwa chache. Hapakuwa na mnana. Kiongozi akaandika daftarini tarehe, kina cha maji na mpaka wa shamba ulipofikia, kisha akaenda kumtafuta mwenye mahindi wazungumze.