Kuuza ndege si kuuza Probox

Haya wapenzi wa teknolojia, leo sina habari za programu wala simu mpya. Leo ni ndege. Na sisemi zile jeti za mabwanyenye, nasema kale ka-Cessna 172 ka injini moja na viti vinne.

Kuna mzee mtaani kwetu, rubani wa siku nyingi, aliye na 172 ya mwaka 1976 pale Wilson, Nairobi. Macho yamemchezea, akanyimwa cheti cha afya cha urubani, na ndege isiyoruka hulipiwa maegesho na bima vilevile. Akaniita. "Kijana, wewe si ni mtu wa tarakilishi? Nisaidie kuuza hii kitu." Nikadhani ni picha nne, bei na namba ya simu.

Mtauliza nani ananunua ndege ya 1976. Wengi tu! Tangu miaka ya 1950 Cessna imeunda 172 zaidi ya 44,000, ila mwaka 1986 kesi za fidia zilipozidi ilisimamisha kuunda ndege zake ndogo za pistoni. Ilirudi kazini 1996, baada ya sheria ya Marekani ya 1994 kuzuia mtengenezaji kushtakiwa kwa ndege ndogo iliyopita miaka 18. Mpya siku hizi inapita dola 400,000. Basi soko limejaa ndege za miaka ya sabini.

Lakini mnunuzi haulizi ndege kwanza, anauliza madaftari. Kila saa iliyorukwa, kila skrubu iliyobadilishwa, lazima iwe imeandikwa na kutiwa sahihi na fundi. Nikapiga skani kurasa mia sita na ushei, nikaingiza saa zote kwenye hifadhidata, nikaandika programu fupi ya kuangalia kama zinafuatana. Ikagoma hapo Machi 1991. Hadi Oktoba 1993 hakuna kitu: daftari moja limepotea. Kwa hesabu ni saa 212 tu, nami nikamweleza hivyo mnunuzi wa kwanza. Akajibu kwa mstari mmoja: "Saa 212 zinatosha kuanguka mara ngapi?" Hatukumsikia tena.

Injini nayo ina ubishi wake. Ni Lycoming O-320, na mtengenezaji anapendekeza ovaholi baada ya saa 2,000 au miaka 12, lolote litakalotangulia. Ya mzee ina saa 900 na miaka 17. Mzee anataja saa, wanunuzi wanataja miaka, na wote wanasoma waraka uleule.

Kinachoniudhi zaidi ni hiki. Kwenye injini hii kamshafti imewekwa juu ya krankshafti. Ndege ikikaa, oili inachuruzika chini, kamshafti inabaki kavu na kushika kutu. Yaani kadiri inavyongoja mteja ndivyo inavyoharibika! Kuzungusha panga kwa mkono hakusaidii, Lycoming wenyewe wanaonya. Inatakiwa iruke mpaka oili ipate moto sawasawa, na mwenye ndege haruhusiwi kuirusha. Tumepata rubani kijana wa kuirusha saa moja kila wiki mbili. Mzee hulipa mafuta, hupanda kiti cha kulia kama abiria, mikono mapajani.

Mnunuzi makini huleta fundi wake. Anaingiza kamera ndani ya silinda, anapima mgandamizo, anapasua chujio la oili kutafuta chembe za chuma. Ni haki yake, ila akikuta kasoro kubwa yeye anaondoka, na muuzaji anabaki na ndege isiyoweza kuruka. Wapo wauzaji wanaokataa ukaguzi kwa hofu hiyo. Mimi ningemkimbia muuzaji wa aina hiyo.

Sasa tumepata mnunuzi wa Tanzania, na ndege imepita ukaguzi. Mkataba wa Chicago wa 1944 hauruhusu ndege kusajiliwa katika nchi mbili kwa pamoja, kwa hiyo lazima ifutwe 5Y ya Kenya ndipo iingie 5H ya kwao. Mnunuzi anasema futa kwanza ndipo nilipe. Mzee anasema lipa kwanza ndipo nifute. Waandika programu mmeshaujua ugonjwa huu: michakato miwili, kila mmoja umeshika kufuli unaongoja la mwenzake.

Dawa ni mtu wa tatu wa kushika pesa. Marekani zipo kampuni za kazi hiyo hasa, na FAA kule Oklahoma City huweka kumbukumbu za umiliki na madeni ya ndege, yeyote akazikague. Sisi tunatafuta wakili. Wa kwanza mnunuzi alimkataa kwa kuwa ni jirani ya mzee. Wa pili mzee alimkataa kwa kuwa anakaa Arusha. Wa tatu tunaonana naye Alhamisi.

Jumamosi ndege inaruka saa moja asubuhi. Mafuta yameshalipiwa.