Foleni ya Tosca

Mara ya kwanza nilipoingia kwenye jumba la opera la Vienna, mwaka 2007, nilipitia mlango wa ubavuni, mkate ukiwa mkobani na kanga ya mama mabegani. Nilikuwa mwanafunzi Ujerumani, nimekesha kwenye treni, na fedha zangu zilitosha tiketi ya kusimama tu. Jumba lile lina viti kama 1,700, na nyuma ya viti hivyo, chini na kwenye roshani za juu, zimo nafasi zaidi ya 400 za watu wa kusimama. Bei yake wakati ule haikufika euro tano. Kilichokuwa ghali ni muda. Dirisha la tiketi lilifunguliwa dakika 80 kabla ya onyesho, lakini nilipofika saa tisa alasiri niliwakuta watu wameshajipanga.

Mimi ni mzaliwa wa Unguja. Nimekulia nyumba iliyo karibu na klabu ya taarab ya Ikhwani Safaa, iliyoanzishwa 1905, na usiku wa mazoezi fidla na ganuni zilitufikia kitandani. Kwetu, wimbo ukikuchoma moyo unanyanyuka, unakwenda mbele kwa madaha, unamtunza mwimbaji. Opera niliiona kuwa kitu cha watu wengine, wanaokaa kimya na nguo zao nzuri, wasiomdai mwimbaji wala kudaiwa naye.

Foleni ndiyo iliyonitoa kwenye fikra hiyo. Mbele yangu alikaa bibi mmoja juu ya kigoda cha kukunja, thermosi ya chai miguuni. Aliniuliza kama naijua hadithi ya Tosca. Nilipomwambia siijui, alinisimulia yote, kitendo kwa kitendo: mwimbaji anayempenda mchoraji, mkuu wa polisi anayemtaka mwimbaji huyo, na kifo kule juu ya ngome ya Roma. Kijana wa nyuma yetu aliingilia kusahihisha. Wakabishana kuhusu waimbaji wa miaka iliyopita kama wazee wa Mji Mkongwe wanavyobishana barazani kuhusu nani alijua kumpokea Siti binti Saad.

Bibi alinieleza na habari za jumba lenyewe. Lilifunguliwa 1869 kwa Don Giovanni ya Mozart. Machi 1945 mabomu yakaliangukia, ukumbi na jukwaa vikateketea, zikasalimika ngazi kuu na sehemu ya mbele. Lilipofunguliwa tena, tarehe 5 Novemba 1955, kwa Fidelio ya Beethoven, yeye alikuwa msichana amesimama nje barabarani na umati, akisikiliza kwa vipaza sauti. Tangu siku hiyo, aliniambia, kusimama hakujamchosha.

Tulipouziwa tiketi, watu wote walikwenda mbio. Bibi alinivuta mkono. Ukishapata nafasi, alisema, funga skafu yako kwenye kizuizi cha kuegemea, kisha nenda popote, hakuna atakayeigusa. Sikuwa na skafu, nikafunga kanga. Aliyashika maandishi yake akataka kujua yanasemaje. Nikamfasiria: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Alicheka kwa furaha, akawaita wenzake wawili waje wasikie.

Usiku ule, Tosca alipoimba akimuuliza Mungu kwa nini anamlipa hivi, mikono yangu ilitafuta pochi. Ndivyo nilivyolelewa. Wimbo ulipokwisha, sehemu yetu ya kusimama ilipasuka kwa vifijo kabla ya ukumbi mwingine wote, na nikaelewa kwamba huko ndiko kutunza kwao. Waliokuwa wamelipa kidogo kuliko wote ndio waliokuwa wa kwanza kumtuza mwimbaji.

Nilirudi mara nyingi baada ya hapo. Bibi yule nilimkuta mara tatu, mara ya nne sikumwona, na kwenye foleni hapakuwa na anayejua habari zake. Kisha ikaja korona, milango ikafungwa. Ilipofunguliwa, tiketi za kusimama zikaanza kuuzwa mtandaoni, saa nne asubuhi ya siku ya onyesho. Niliponunua yangu kwa mara ya kwanza nilikuwa kwenye kituo cha basi, na kazi yote ilikuwa dakika mbili. Jioni nilifika dakika ishirini kabla. Ubavuni mwa jumba palikuwa patupu, nikasimama pale kama mtu aliyekuta baraza ya jirani imevunjwa.

Onyesho lilikuwa Tosca ileile. Vienna wanaionyesha kwa mpangilio wa Margarethe Wallmann tangu 1958: kanisa lilelile, ngome ileile. Jukwaa lilikuwa halijabadilika hata kidogo, na mimi nikahisi msiba. Nilifunga kanga yangu, kwa mazoea.

Kijana aliyesimama kando yangu aliitazama, akauliza ni ya nini. Wakati wa mapumziko tulizungumza. Anaosha vyombo kwenye hoteli, zamu yake inaisha saa kumi na moja jioni. Tiketi aliinunua kwa simu, mikono imelowa. Kwa miaka yote ile ya foleni yangu ya saa tisa, mtu kama huyu asingeweza kuingia. Sisi tuliojipanga tulikuwa wanafunzi, wastaafu na wasafiri, watu wenye mchana mzima wa kutoa, na hilo sikuwahi kulifikiria hata siku moja.

Lakini hakuwa amesimuliwa hadithi. Maneno aliyasoma kwenye kiskrini kilicho mbele yake, akayafahamu, ila hakujua kwamba lile jumba liliwahi kuungua, wala kwamba anaruhusiwa kupiga kelele. Nikaanza kumsimulia, na kengele ya kurudi ukumbini ikalia nikiwa nimefika 1955.

Sasa nikienda Vienna nafika mapema, ingawa hakuna anayenidai kufanya hivyo. Naegemea kizuizi, nafungua kanga polepole, na anayeniuliza maandishi yake yanasemaje namfasiria, kisha namuuliza kama anaijua hadithi.