Pesa Imefika, Wewe Je?



Kabla ya M-Pesa kuanza mwaka wa 2007, pesa ya mama nilikuwa naipeleka mwenyewe. Mwisho wa mwezi napanda matatu hapa Kakamega mpaka Malava, nashuka na kilo mbili za sukari, majani chai na mkate, noti nimezificha ndani ya soksi. Mama anasonga ugali. Tukila, naona paa linavuja, nasikia kikohozi ambacho yeye mwenyewe hangekitaja. Nikiaga, ananiwekea mkono kichwani na kuniombea.

Siku hizi natuma kwa simu nikiwa ofisini. Dakika moja, kazi imeisha, nami najiona mwana mwema. Mwezi uliopita akanipigia: "Pasta, pesa imefika. Wewe utafika lini?"

Nikahesabu. Miezi saba. Na mimi ndiye ninayewahubiria mheshimu baba na mama!

Soma 2 Yohana 1:12. Mtume alikuwa na mengi ya kuwaandikia, lakini karatasi na wino havikumtosha. Alitaka kufika, waongee uso kwa uso, ndipo furaha yao ikamilike.

Mpendwa, sisemi tuache simu. Imetusaidia usiku mwingi wa ugonjwa. Lakini iko baraka ambayo haitumwi; lazima uende uinamishe kichwa ndio uipokee.

Jumamosi hii naenda Malava na sukari yangu. Na wewe, ni nani anakungoja nyumbani?

Mungu akubariki. Amina.