Mgao wa Asiyekuwepo

Watu wa Katoro wenyewe ndio wa kwanza kukwambia kwamba mji wao hauna mila. "Hapa ni pa kutafuta," watakwambia. Msukuma ametoka Kwimba, Muha ametoka Kasulu, Msumbwa ametoka Bukombe, Mhaya ameshuka na basi la Bukoba. Kila mmoja ameacha makaburi ya kwao nyuma, amekuja na begi. Mji wenyewe hauna hata mwisho unaoeleweka: ukifuata barabara ya kwenda Bwanga, kabla hujamaliza muwa wako, umeshatoka Katoro ya Wilaya ya Geita na uko Buseresere ya Wilaya ya Chato, na maduka hayajakatika. Mwaka 2012 wilaya yetu ilitolewa Mkoa wa Mwanza, tukawa Mkoa wa Geita. Mashine za karasha hazikunyamaza hata siku moja kwa ajili hiyo. Mji wa namna hii, wanasema, utapata wapi muda wa kuwa na mila?

Mimi sikubaliani nao, na sababu yangu ni kaka yangu.

Lakini kwanza niseme kuhusu baba. Baba ni ningi, yaani mtunzi na kiongozi wa ngoma, upande wa Bagalu. Kwa wasiojua, ngoma za Wasukuma zina pande mbili, Bagalu na Bagika, na asili yake inasimuliwa kuwa ni wachezaji wawili wa karne ya 19, Gumha na Ngika, walioshindana bila kukubali kushindwa. Mpaka leo, baada ya mavuno, vikundi vya pande hizo mbili hukutana uwanjani na kucheza kwa wakati mmoja. Hakuna jaji. Watazamaji wako huru kwenda wanakotaka, na aliyevuta watu wengi ndiye mshindi. Ndiyo maana kuna wanaocheza na nyoka, kuna wanaorusha majembe angani na kuyadaka, na kuna dawa inayoitwa samba, ambayo kila ningi anayo na kila ningi anamlaumu mwenzake kwa kuitumia.

Nilipokuwa chuo, mhadhiri mmoja alituonyesha picha za mji mdogo wa Italia, Genzano, karibu na Roma. Tangu mwaka 1778, kwa Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, watu wa pale hutandika mtaa mzima kwa petali za maua, wakachora picha kubwa barabarani. Sherehe ikiisha, watoto huachiwa waukimbilie ule mkeka na kuutawanya. Mwaka unaofuata wanaanza upya. Darasa zima lilipumua. Mwenzangu akaninong'oneza, "Wenzetu wana mila, bwana."

Nilimwambia kwamba sikukuu hiyohiyo, kwenye Juni, huadhimishwa Bujora, pale Kisesa nje kidogo ya Mwanza, na jina lake ni Bulabo, neno la Kisukuma lenye maana ya maua. Padre David Clement, Mkanada aliyeanzisha kituo cha utamaduni pale miaka ya 1950, aliingiza ngoma za Kisukuma kanisani, na maandamano ya Ekaristi yakawa na Bagalu na Bagika nyuma yake. Mwenzangu akauliza kama kuna picha. Nilikuwa nayo moja kwenye simu: baba, vumbi mpaka magotini, mdomo wazi.

Kilichokosekana kwenye picha ile ni kazi. Kikundi cha ngoma kijijini kwetu, upande wa Nyang'hwale, kilikuwa pia kikundi cha kulima. Ngoma ya bugobogobo ni ya majembe: mpigaji anatangulia, wakulima wanafuata mstari, jembe linapanda na kushuka na mdundo. Zamani majembe hayo yalitoka kwa Warongo, wafua chuma wa Uzinza, yaani kwenye ardhi hiihii ambayo leo inajulikana kwa dhahabu tu. Waliwahi kuchimba mawe na kuyayeyusha hapa kabla mtu yeyote hajajenga mgodi.

Kikundi kilikuwa na sheria ambazo hazikuandikwa popote. Aliyechelewa alilipa faini. Aliyeumwa alilimiwa shamba lake. Aliyekufa alilimiwa pia, na mavuno yakaingia ghala la nyumba yake, mpaka mtoto wake wa kwanza aweze kushika jembe.

Kaka alikuwa mpigaji. Alipofikisha miaka 22 aliacha ngoma ukutani, akapanda gari la mchele kwenda Katoro, na kutoka hapo akaingia machimboni. Baba hakumkataza. Alichofanya ni kutompa mtu mwingine ile ngoma, na kila aliyeuliza alijibiwa, "Ina mwenyewe."

Duara la kaka lilikuwa na watu wanane. Kwa wasiowahi kufika, duara ni shimo la wima, limeshikiliwa na matimba, watu wanashuka kwa kamba au kwa kukanyaga miti. Mawe yakipanda, mifuko inagawanywa: ya mwenye leseni, ya mwenye duara aliyegharamia chakula na pampu, na ya wachimbaji. Mgao wa wachimbaji unakwenda karashani, kisha mwaloni, kisha kwenye zebaki na moto, na mwisho mtu anakwenda sokoni na kipande kidogo kuliko ukucha. Tangu 2019 kuna soko rasmi la dhahabu Geita mjini, lenye mizani na risiti. Kabla ya hapo bei ilikuwa ile aliyoitaja mnunuzi.

Masika ya mwaka juzi, baada ya mvua ya usiku kucha, udongo ulishuka. Kaka alikuwa chini peke yake.

Wenzake saba walichimba siku mbili. Nilifika siku ya pili, na kitu cha kwanza nilichoona ni ukimya. Pampu zote za jirani zilikuwa zimezimwa. Nilimuuliza kijana mmoja nani ametoa amri. Alinishangaa. "Dada, kuna mtu chini," akasema. Mtu akiwa chini, hakuna duara linaloshusha watu kutafuta mawe. Mama lishe walikuwa wanagawa uji, na madaftari yao ya madeni yalikuwa yamefungwa.

Tulimzika kijijini. Kikundi cha baba kiliimba, wakiwa kumi na mmoja tu, wengi wao wenye mvi. Wachimbaji hawakukubali mwanakijiji yeyote ashike sururu. Walichimba kaburi wenyewe, na kuta zake zilinyooka kuliko kaburi lolote nililowahi kuona.

Wiki sita baadaye mmoja wao, Mzinza mpole asiyependa kukaa kwenye kiti, alikuja na bodaboda na bahasha ya kaki. Duara lilikuwa limefunguliwa tena na limetoa.

"Huu ni mgao wake," akamwambia baba.

"Hayupo."

"Nafasi yake ipo, mzee."

Baba aliishika bahasha bila kuifungua. "Nani amewafundisha hivi?"

"Yeye ndiye alikuwa anatuambia, kila tukigawana. Alisema kwao ndivyo wanavyofanya."

Baba aliingia ndani. Alikaa huko muda mrefu, mgeni akamaliza chai yake.

Mwaka jana wale saba waliamua kujisajili kama kikundi, ili waombe leseni yao wenyewe. Usajili unataka katiba, na mimi ndiye msomi pekee waliyemjua. Tulikaa Katoro, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, jua likichemsha bati. Baba alikuja pia, ingawa hakupenda jambo lenyewe. "Mayu," aliniambia njiani, "jambo likiandikwa, mtu mwerevu hulitafutia mlango wa kutokea."

Vipengele sita vilipita kwa nusu saa. Cha saba, mgao wa marehemu, kilitukalisha mpaka alasiri. Mmoja alisema mgao uishe mjane akiolewa, kwa sababu haiwezekani wao washuke futi mia kumlisha mwanamume mwingine. Wawili waliitikia. Mwingine akasema basi uwe mwaka mmoja. Baba alisubiri wamalize.

"Sisi tulilima shamba la mjane mpaka mtoto ashike jembe," akasema. "Hakuna aliyeuliza nani analala ndani."

"Mzee, jembe halifukii mtu," yule wa kwanza akajibu. Hakujibiwa, kwa sababu alikuwa sahihi.

Wifi yangu alikuwa mlangoni, mtoto mgongoni. Hakuna aliyekuwa amemwuliza. Nilimwuliza mimi.

"Sijasema naolewa," akasema. "Ila kama huo mgao ni wa kunifunga, msiulete. Kama ni wa watoto, andikeni majina ya watoto."

Niliandika majina ya watoto. Nikaandika kwamba mgao utaendelea mpaka mdogo wao amalize kidato cha nne, kwa sababu jembe si kipimo tena, na hilo baba ndiye aliyelipendekeza. Wanne walisaini, wawili waliweka dole gumba. Yule wa kwanza alisema atafikiri. Jumapili iliyofuata alikuja kwa wifi mwenyewe, akaomba kalamu.

Ngoma ya kaka bado iko ukutani. Baba amesema mjukuu ataanza kuipiga mavuno haya, akiweza kuibeba.

Baada ya hapo maduara mawili ya jirani yaliomba nakala ya katiba. Nilitoa fotokopi na kuzituma kwa bodaboda. Moja imerudi mwezi uliopita, ina mafuta ya pampu pembeni, na chini ya kipengele cha mwisho kuna kingine, kwa mwandiko wa mtu nisiyemjua: mama lishe anayelisha duara akifiwa, duara litasimama siku moja.