Maneno Matamu ya Muuza Watu

"Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua," walinena wahenga. Hawakueleza, hata hivyo, lawama ni ya nani pindi mwerevu naye akilipita fumbo bila ya kuligutukia. Mtunzi wa tashtiti katika muziki wa roki hukabiliwa na swali hilo kila anapomwazima mwovu sauti yake. Randy Newman, mtunzi na mpiga piano aliyezaliwa Los Angeles mwaka 1943, analijua vyema.

Mwaka 1972 alitoa albamu ya Sail Away. Katika wimbo wenye jina hilo, anayesema ni mfanyabiashara ya watumwa. Anawabembeleza Waafrika waingie chomboni kuelekea Charleston, mojawapo ya bandari kuu zilizopokea watumwa Amerika ya Kaskazini. Hatishi. Anaahidi shibe na raha, huku fidla zikipanda na kushuka nyuma yake mithili ya bahari tulivu. Mnyororo hautajwi. Msikilizaji huupenda wimbo kabla ya kumtambua msemaji. Akija kumtambua, ameshashawishika.

Historia haikuwa hivyo. Mateka wale hawakubembelezwa. Walikamatwa, wakauzwa, wakapakiwa. Basi maneno matamu yale yanamlenga nani? Yanamlenga raia wa baadaye, apendaye kuambiwa kuwa nchi yake ni neema kwa kila aliyefikishwa huko. Newman amezichukua sifa ambazo taifa hujisifia, akazitia kinywani mwa muuza watu.

Hatari ya fani hii ilidhihirika kwa wimbo wa Short People wa mwaka 1977, uliomkejeli mtu mwenye kuwachukia wafupi bila ya sababu. Ulipanda hadi nafasi ya pili katika chati ya Billboard mwaka 1978. Lakini wapo walioyachukua maneno ya mbaguzi kuwa ya mtunzi, na baadhi ya vituo vya redio vikakataa kuupiga. Katikati ya wimbo huo mna kipande kinachotamka waziwazi kuwa watu wote ni sawa. Hakikutosha.

Katika Sail Away hamna kipande cha namna hiyo. Muuza watu anaimba hadi mwisho, na fidla hazimsaliti. Kuligangua fumbo ni kazi aliyoachiwa msikilizaji.