Jina la Amri na Maelezo Yake

Mwalimu hutoa maagizo mengi kila siku, na mara nyingi hudhani kwamba neno lililo wazi kwake li wazi kwa wote. Mimi nilifunzwa na kosa langu mwenyewe.

Kabla ya mwaka 2020, nikifundisha katika shule moja ya msingi huko Mbagala, wilayani Temeke, nilitengeneza programu ndogo ya kuhifadhi alama za mitihani. Nilitumia Ruby on Rails, kiunzi cha programu za tovuti kilichotolewa mwaka 2004. Humo zilikuwamo amri mbili za kubadilisha kumbukumbu: update_attribute na update_attributes. Zilitofautiana kwa herufi moja tu. Ya pili ilikagua masharti kabla ya kuhifadhi. Ya kwanza ilihifadhi bila kukagua. Nilitumia ya kwanza, wala sikusoma maelezo yake, ambayo yalitaja jambo hilo waziwazi.

Mwisho wa muhula, mwenzangu alisahihisha alama ya mtoto mmoja, akaandika 780 badala ya 78. Nilikuwa nimeweka sharti kwamba alama isizidi 100, lakini amri ile ililipita. Mtoto akatangazwa wa kwanza mbele ya wazazi. Kesho yake tulimwomba arudishe ripoti, akalia. Kosa halikuwa la mwenzangu, lilikuwa langu.

Mwaka 2020, katika toleo la 6.1, watengenezaji waliiondoa update_attributes, wakabakiza jina fupi, update. Lakini update_attribute ipo hata leo, nayo bado haikagui. Kwa hiyo jina zuri peke yake halitoshi: jina hutaja kazi, maelezo hutaja mipaka yake.

Darasani hali ni hiyo hiyo. Chukueni neno “toa”. Karatasi moja yaweza kumwambia mtoto “toa mfano”, kisha “9 toa 4”. Kwanza anatakiwa kuleta kitu, kisha kupunguza. Mwalimu mwangalifu huweka vizibo tisa vya soda mezani, huondoa vinne, huuliza vimebaki vingapi. Ndipo huandika alama ya kutoa ubaoni.

Basi, kila mwandikapo andalio la somo, jiulizeni: je, agizo langu lataja kazi yenyewe? Na je, nimemweleza mtoto lisichomtaka afanye? Tusipojiuliza sisi, atakayelipa ni mtoto.