Kutoka Ulevi hadi Uraibu

Kaka yangu alivuka mpaka kuingia Somalia pamoja na wanajeshi wenzake wa Kenya mnamo Oktoba 2011. Aliporejea, usingizi ulimkimbia, naye akautafuta chupani. Kijijini aliitwa mlevi, jina linalohukumu. Askari aliyezoea kuwalinda wengine huona haya kukiri kwamba naye ahitaji kulindwa. Hatimaye alikubali kwenda kituo cha matibabu. Mshauri hakutaja ulevi. Alimwambia ana uraibu. Neno hilo, lililohusishwa tangu jadi na tambuu na tumbaku, sasa lataja maradhi yanayotibika. Kaka alilitafakari, kisha akatia sahihi. Wapenzi wa Kiswahili, tuyachunge majina tunayowapa wagonjwa: lipo linalofunga mlango, na lipo linaloufungua.